Bidoni Mbili za Njano kwenye Barabara ya Kiambi



Kuna jambo nimelibeba moyoni tangu safari yangu ya mwisho ya Kiambi, huku jimboni kwetu Tanganyika, Kongo. Nilipanda pikapu, Land Cruiser ile ya zamani yenye kiti kirefu mbele, nyuma imejaa mizigo, na juu ya mizigo watu. Njiani tukakutana na pikapu nyingine inatoka kule tuendako. Barabara nyembamba, lazima mmoja aingie majanini, basi tukasimama na madereva wakasalimiana. Nyuma ya gari letu kulikuwa na bidoni za njano za lita 20, zimefungwa kwa kamba za mpira. Nyuma ya gari lao bidoni zilezile, rangi ileile, kamba zilezile. Zetu zilikuwa na mazuti, au dizeli kama wanavyosema Kigoma, tunayapeleka Kiambi. Zao zilikuwa na mawese, yanatoka Kiambi kwenda kutafuta soko. Tukapishana, wao wakashuka, sisi tukapanda.

Gari letu lilikuwa linakunywa mazuti ili lifikishe mazuti. La kwao lilikuwa linakunywa mazuti ili liondoe mawese. Sikusema kitu siku ile, maana nilikuwa nimebanwa kati ya gunia la chumvi na mama mwenye mtoto, lakini swali halikuniacha hadi leo.

Tuyafuate kwanza mazuti yenyewe. Yanashuka melini Dar es Salaam, yanapanda reli mpaka Kigoma, yanavuka ziwa Tanganyika, yanafika bandari yetu hapa Kalemie. Mengine yanatokea kusini, yanavuka mpaka wa Zambia, yanakuja kwa malori. Kutoka hapo ndipo safari ya kweli inapoanza: lori, kisha pikapu, kisha pikipiki, na mara nyingine baiskeli inayosukumwa kwa mkono, bidoni mbili kila upande. Kila mkono unaoyagusa unaongeza chake, na haki yake, kwa sababu kila mkono umechoka. Wakati wa mvua barabara ikikatika, bei ya Kiambi haiulizwi tena, unaambiwa tu kama yapo au hayapo.

Na Kiambi si mahali palipozaliwa pembeni. Wazee wanajua. Mto Luvua, unaotoka ziwa Mweru kule Pweto na kwenda kuingia Lualaba pale Ankoro, unapitika kwa mashua sehemu ya chini tu, kama kilomita 160, kutoka Ankoro mpaka Kiambi. Juu ya hapo ni mawe na maporomoko. Kiambi palikuwa mwisho wa maji na mwanzo wa miguu. Na kwenye mto huohuo, miaka ya 1930, wachimbaji wa bati wa Manono walijenga bwawa la umeme la Piana Mwanga. Nguvu ilikuwa inatoka huku kwenda kwingine. Leo nguvu inaletwa Kiambi kwa bidoni.

Basi swali langu ni hili: je, pikapu ya mazuti inaweza kwenda kwa mawese?

Inaweza. Na jibu hilo lilitolewa kabla wengi wetu hatujazaliwa, tena kwa mawese ya Kongo.

Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, kampuni ya Otto ilionyesha motere ndogo ya aina aliyoibuni Mjerumani Rudolf Diesel. Motere ile iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Diesel mwenyewe alieleza baadaye kwamba wazo lilitoka kwa serikali ya Ufaransa, iliyokuwa inafikiria makoloni yake ya Afrika, mahali ambapo karanga zipo na mafuta ya ardhini hayapo. Kwa hiyo motere hii, tangu utoto wake, ilishaonja mafuta ya shambani.

Lakini karanga na mawese vina tabia moja mbaya kwa motere: uzito. Mafuta ya mawese, hata yakiwa na joto la nyuzi 40, ni mazito takriban mara kumi kuliko mazuti. Motere inataka mafuta yarushwe kama ukungu, mawese yanarushwa kama mate. Mtu aliyepata dawa ya tabia hiyo ni profesa wa Chuo Kikuu cha Brussels aliyeitwa Chavanne. Tarehe 31 Agosti 1937 alipewa hati ya uvumbuzi huko Ubelgiji, namba 422,877, kwa njia ya kuyageuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya motere. Aliyachanganya na alikoholi, yakagawanyika, yakawa mepesi. Na kiangazi cha mwaka 1938, basi la abiria lilisafiri kati ya Brussels na Louvain likitumia mafuta hayo. Mafuta gani? Mawese. Habari yake ndefu ilichapishwa mwaka 1942 katika jarida la kilimo la Kongo ya Wabelgiji.

Nataka msikilizaji wa Kiambi alisikie hilo vizuri. Kitu ambacho dunia leo inakiita biodizeli, kitu ambacho Indonesia imekilazimisha kichanganywe asilimia 40 katika dizeli yake tangu mwaka 2025, mwanzo wake unaojulikana ni mawese, na kumbukumbu zake zimo katika jarida lenye jina la nchi yetu. Abiria wa kwanza walikuwa wa Brussels. Miaka zaidi ya 80 imepita, na bidoni ya mawese ya Kiambi bado inapishana na bidoni ya mazuti barabarani kama watu wasiojuana.

Na hiyo Indonesia yenyewe, michikichi ilipelekwa huko kutoka Afrika. Miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor mwaka 1848. Kisha ni hapa Kongo, kwenye kituo cha Yangambi, watafiti walipogundua mwaka 1941 siri ya mbegu ya tenera: ukioanisha mchikichi wenye kokwa la ganda nene na ule usio na ganda, unapata tunda lenye nyama nyingi na ganda jembamba. Leo mashamba makubwa ya Asia yanaishi kwa tenera. Nyumbani kwetu bado tunapanda miti ya zamani, tukiomba Mungu.

Sasa tuingie jikoni, yaani nje ya jikoni, na nitaeleza kwa nini nje.

Kabla ya kushika maikrofoni nilifundisha kemia sekondari. Basi niliporudi kutoka Kiambi nilikuja na chupa ya mawese, nikaagiza lita moja ya methanoli kutoka Lubumbashi, nikanunua soda kostiki kwa mama mmoja anayetengeneza sabuni. Hesabu inayojulikana kwa mafuta safi ni hii: lita moja ya mafuta, mililita 200 za methanoli, gramu 3 na nusu za soda. Soda inayeyushwa kwanza ndani ya methanoli, kisha mchanganyiko unamiminwa kwenye mafuta yaliyopashwa hadi nyuzi 55, unatikiswa, unaachwa ulale.

Nilipima, nikatikisa, nikaacha. Asubuhi nikaenda kuangalia. Chupa nzima ilikuwa imeganda. Nikaigeuza juu chini, hakuna kilichodondoka. Nikaingiza kijiti, kikasimama. Nilikuwa nimetengeneza sabuni.

Nilimpelekea yule mama aliyeniuzia soda. Akaichovya maji, akaisugua kiganjani, ikatoa povu. Akaniuliza, "Baba mwalimu, mawese yako uliyachemsha yakatoka maji?" Nikasema nimeyapasha tu. Akaniuliza tena, "Na ngazi zilikaa siku ngapi kabla ya kukamuliwa?" Ngazi ndiyo matunda ya mchikichi, na hapo sikuwa na jibu.

Maswali yake mawili ndiyo elimu yote ya jambo hili. Sabuni na mafuta ya gari ni watoto wa tumbo moja. Baba ni mawese, mama ni soda. Ukiingiza maji, anazaliwa sabuni. Ukiingiza alikoholi kavu bila maji, yanazaliwa mafuta ya gari. Na ngazi zikilala siku nne au tano chini ya majani ya mgomba ili zilainike, kama tunavyofanya vijijini, mafuta yaliyomo yanaanza kujivunja yenyewe na kuwa asidi, na asidi ikikutana na soda ni sabuni moja kwa moja. Mlaji haoni tofauti kubwa, wengine hata wanapenda ule ukali wake kooni. Motere itaiona.

Mara ya pili nilipata mawese ya ngazi zilizochemshwa siku ileile zilipoangushwa. Nikayachemsha mpaka yakaacha kutoa mlio wa chrr-chrr, ule mlio wa maji yanayotoka. Nikapima ukali wa asidi kidogokidogo kwa matone, nikaongeza soda kulingana na kipimo. Nikatikisa, nikaacha yalale. Asubuhi, wasikilizaji, chupa ilikuwa imegawanyika vipande viwili, mstari umenyooka kama umechorwa kwa rula. Chini, kitu cheusi kizito kama asali ya porini: hiyo ni gliserini. Juu, mafuta ya rangi ya chungwa, mepesi, angavu, unaona kidole chako upande wa pili. Ile rangi nyekundu ya mawese ilikuwa bado imo, kwa sababu kinachowapa watoto vitamini A ndani ya mawese hakikimbii, kinabaki ndani ya mafuta mapya. Niliyaosha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, taratibu bila kutikisa kwa nguvu, nikayakausha tena kwa moto mdogo. Nikachovya utambi, ukawaka bila moshi mwingi.

Nilisema nje ya jikoni, na sasa naomba kila mmoja asogee karibu na redio. Methanoli ni sumu. Inafanana na pombe, inanuka kama pombe, na vijiko vichache tu vinaweza kumpofusha mtu, zaidi ya hapo kumuua. Moto wake mchana hauonekani. Mvuke wake ukijaa chumbani na jiko la makaa liko pembeni, nyumba inakwenda. Usiihifadhi kamwe kwenye chupa ya kinywaji, na kila mtu nyumbani ajue kilichomo. Tuna ndugu wengi wanaokunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, bila kuuliza imetoka wapi. Sitaki mtu azikwe kwa sababu alisikiliza kipindi hiki nusu.

Na kwa kuwa nimetaja lutuku: swali la kwanza ambalo vijana wa Kiambi waliniuliza ni hilo. "Mwalimu, kwa nini uhangaike na Lubumbashi, si tunayo alikoholi yetu?" Swali zuri sana, na lina heshima yake, maana Chavanne mwenyewe alitumia alikoholi ya aina hiyo, ile ya kunyweka, si methanoli. Lakini lutuku ya mihogo na mahindi ina maji mengi, na tumeshaona maji yanazaa nini. Ukiirudia kuichemsha mara mbili, mara tatu, nguvu inapanda, lakini kuna ukuta. Kwa kuchemsha pekee huwezi kuvuka asilimia 95 na kitu. Maji ya mwisho yameshikana na alikoholi kama mtoto na mgongo wa mamaye.

Kinachoyang'oa ni chokaa mbichi, chokaa iliyochomwa ambayo haijaonja maji. Unaitia ndani ya alikoholi kali, inayanyonya yale maji, kisha unachemsha tena na kukinga kilicho kikavu. Na chokaa tunayo! Miamba yake iko Kabimba, hapohapo kando ya ziwa, ndiyo sababu kiwanda cha saruji kilijengwa kule. Kwa hiyo kila kitu kinachohitajika, isipokuwa soda, kimo ndani ya jimbo hili la Tanganyika: mawese ya Luvua, mihogo ya Kiambi, mawe ya Kabimba. Sisemi ni rahisi. Alikoholi hii ni mvivu kuliko methanoli, gliserini inachelewa kutulia, na kuni za kuchemsha mara tatu si kidogo, misitu yetu inajua. Nasema tu kwamba tunachokosa si mali. Tunakosa ukavu. Kazi yote ya mafuta haya, kuanzia ngazi mpaka chupa, ni kupigana na maji.

Turudi barabarani. Dereva aliyenibeba siku ile, mtu mpole, aliniambia siri yake tulipokuwa tumekwama. Mwaka mmoja mazuti yalipotea Kiambi majuma matatu. Kulikuwa na mgonjwa wa kupelekwa Manono. Akachuja mawese kwa kitambaa, akamimina tangini moja kwa moja, nusu kwa nusu na mazuti yaliyobaki. Gari likaenda. Likanuka kama mama anakaanga makayabu, lakini likaenda, na mgonjwa akafika. Tatizo ni kwamba alipoona limekwenda, akaendelea. Mwezi wa pili moshi ukawa mweupe asubuhi. Mwezi wa tatu nguvu ikapungua mlimani. Fundi alipofungua, nozeli zilikuwa zimeota masizi kama sufuria isiyosuguliwa, ringi zimeshikana na pistoni, na oili ya motere imekuwa nzito kama uji uliopoa. Alilipa kwa miezi mingi.

Simlaumu kwa ile safari ya kwanza. Nani angemlaumu? Lakini kila dereva anayenisikia aelewe tofauti: mawese mabichi si biodizeli. Moja ni ngazi iliyokamuliwa, nyingine ni ngazi iliyokamuliwa, ikakaushwa, ikavunjwa, ikaoshwa, ikakaushwa tena. Malaysia waliyajaribu haya mafuta yaliyogeuzwa katika mabasi ya Mercedes-Benz kwa miaka, basi moja likatembea hadi kilomita 300,000. Mawese mabichi hayakumfikisha dereva wangu hata mwisho wa kiangazi.

Mahali ambapo mawese mabichi yanaweza kuvumiliwa ni kwenye mashine ya kusaga, ile motere nzito inayozunguka polepole mahali pamoja. Unaiwasha kwa mazuti, unaiacha ipate joto, bomba la moshi linapasha tangi dogo la mawese hadi yawe mepesi, ndipo unageuza bomba. Na dakika kumi kabla ya kuzima unarudi kwenye mazuti ili kuisafisha koo. Ukisahau kurudi, kesho haiwaki. Ni kazi ya mtu mwangalifu asiyetumwa dukani.

Kwa pikapu yenye biodizeli iliyotengenezwa vizuri, mambo ya kuangalia ni machache lakini ni ya kweli. Motere za zamani zenye pampu ya chuma, kama ile 1HZ ya silinda sita iliyomo katika Land Cruiser nyingi za huku, zinayapokea bila ugomvi. Magari mapya yenye pampu ya kompyuta na presha kubwa, mwenye nayo asijaribu kitu kilichotoka kwenye pipa la kijijini. Raba za zamani za kupitishia mafuta zitalainika na kuvuja, zibadilishwe mapema. Mafuta haya yanaosha. Uchafu wote uliolala ndani ya tangi miaka kumi utaamka siku moja na kwenda kuziba filta. Dereva atasema mafuta mapya ni mabaya, kumbe ni tangi lake linasafishwa. Nguvu ya lita ni pungufu kidogo, kwa hiyo pale ulipozoea lita 12 tenga 13.

Na baridi. Biodizeli ya mawese inaanza kufifia na kuota kama mawingu ndani yake joto likishuka karibu na nyuzi 15. Kiambi, chini bondeni, ni nadra kukusumbua, labda alfajiri za mwezi wa sita na wa saba. Lakini ukipandisha gari hilohilo kwenye milima ya Marungu, ukalala Pepa na ng'ombe wao na ile baridi yao, asubuhi utakuta tangini umelala na siagi. Anayepanda Pepa achanganye sehemu moja kwa nne za mazuti, au aache kabisa.

Sasa fedha, maana bila fedha haya ni mazungumzo ya baraza. Bidoni moja ya lita 20 ya mawese inahitaji lita 4 za methanoli, soda kidogo, kuni, na mtu wa kufanya kazi siku mbili. Inakupa karibu bidoni moja ya mafuta ya gari, pungufu kidogo kwa sababu ya kuosha, na gliserini ya sabuni baada ya kuchemsha methanoli iliyobaki. Kipimo changu ni hiki: kama Kiambi bidoni ya mawese inauzwa chini ya nusu ya bei ya bidoni ya mazuti, kaa chini uhesabu. Kama imezidi nusu, uza mawese yako, nunua mazuti, lala usingizi. Hapa Kalemie mjini, ambapo mazuti yanashuka bandarini na mawese yana wateja wengi, nisingemshauri mtu. Ni kule ndani, barabara ilipokatika, ambapo mawese yanaanguka bei kwa kukosa gari na mazuti yanapanda bei kwa sababu hiyohiyo. Shida moja inasukuma bei mbili pande mbili. Hapo ndipo panapofaa.

Nimeulizwa na mzee mmoja: "Na watoto watakula nini, gari likinywa mboga yao?" Mzee ana haki ya kuuliza, na historia iko upande wake. Ng'ambo, huko Tanzania, miaka ya 2000 kulikuwa na homa ya mafuta ya mimea. Kigoma ilianzishwa kampuni ya FELISA kwa nia ya kutengeneza dizeli kwa mawese. Kisarawe, karibu na Dar es Salaam, kampuni ya Uingereza iitwayo Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji ili kupanda mbono kaburi. Mwaka 2011 kazi ikasimama, na wanavijiji wakabaki wanadai ardhi yao. Leo Kigoma wanapanda michikichi kwa bidii, serikali ilianza kampeni mwaka 2018 na mbegu za tenera zinazalishwa Kihinga, lakini ni kwa ajili ya sufuria, kwa sababu nchi haina mafuta ya kula ya kutosha. Wamejifunza nini kitangulie.

Kwa hiyo mimi sizungumzii shamba la kampuni. Akija mtu Kiambi na karatasi za hekta elfu, akisema biodizeli, mwulizeni habari za Kisarawe. Nazungumzia hesabu ndogo. Pikapu moja inayokunywa lita 60 kwa juma inataka kama lita 3,000 kwa mwaka. Hekta moja ya tenera iliyotunzwa vizuri inatoa tani tatu za mawese au zaidi. Hekta moja, gari moja. Kwa michikichi ya zamani ni hekta tatu au zaidi. Kituo cha afya chenye gari moja la wagonjwa hakihitaji zaidi ya hapo, na hekta hiyo inaweza kupandwa nyuma ya ua wake, isimnyang'anye mtu muhogo wake.

Ningependa kuona watu watatu wamekaa meza moja: mwanafunzi wa kemia wa Chuo Kikuu cha Kalemie, fundi anayezijua pampu, na yule mama wa sabuni. Mwanafunzi ataleta vipimo. Fundi ataleta masikio yake, maana anaisikia motere inapougua kabla haijasimama. Mama ataleta yale maswali mawili, na ningempa yeye kiti cha mkubwa, kwa sababu amepigana na mawese na soda na maji miaka yote tuliyokuwa tunaandika ubaoni.

Chupa yangu ya pili iko hapa studioni, mbele yangu, kando ya maikrofoni. Ina rangi ya jua la jioni juu ya ziwa. Nusu lita tu, haitoshi kulifikisha gari hata kwenye kona ya pili. Nilimpigia simu yule dereva nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema anataka bidoni ya kwanza itakayotoka, na kwamba safari hii atalipa. Nimemwambia aje na mawese ya ngazi za siku moja, na filta mbili.